Mzee Suuza Avua Glovu

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili ya kuhudumia tangi kubwa katika jumba letu la samaki, mkuu wa chumba cha pampu anastaafu. Jina lake la kwenye kitambulisho wengi wetu tumelisahau. Tunamwita Mzee Suuza, na hata mkewe akipiga simu mapokezi huuliza kama Suuza ameshatoka.

Kijitabu cha hafla kama hii huhitaji mtu wa kumsifu mstaafu. Meneja alipolizungusha ombi hilo idara kwa idara, kila mtu alikumbuka ghafla kwamba ana kazi nyingi. Fundi wa pampu alisema hajui kuandika, na ni kweli. Mwishowe kazi ikaangukia dirisha la tiketi, ambako naketi mimi. Meneja aliposikia nimekubali alijikuna shingo, kisha akasema, "Lakini uandike vizuri, Mama, ee?"

Nimeandika vizuri. Ila wasomaji wasitarajie kilemba cha ukoka. Mzee Suuza namfahamu, na mtu unayemfahamu humpaki mafuta kwa mgongo wa chupa. Zaidi ya hayo, nina yangu. Anapoondoka yeye, ufunguo wa chumba cha pampu unabaki bila mwenyewe. Matumbawe hai yanaletwa tena kwenye tangi kubwa, baada ya miaka mingi ya aibu nitakayoieleza. Katika jumba zima mtu aliyesomea utunzaji wa matumbawe ni mmoja, na mtu asiyeruhusiwa kuugusa ufunguo huo ni mmoja. Wote wawili ni mimi.

Tuanze mwanzo. Mzee Suuza aliajiriwa kubeba ndoo. Alikuwa mwembamba, mwenye suruali iliyokatwa kutoka suruali ya mtu mnene, na tangu siku ya kwanza alionyesha kipaji kitakachomfuata hadi leo: hakitupwi kitu. Watu wengine ni mkono wa birika nyumbani kwao, wakija kazini hutapanya vya mwajiri. Yeye alikuwa mwaminifu. Alikuwa bahili kotekote.

Nyuma ya pampu namba mbili kuna waya, na kwenye waya huo kuna vibanio vya nguo, na kwenye vibanio vimening'inia vifuko vya majani ya chai vikisubiri kukauka ili vitumike tena. Mgeni mmoja wa wizara aliwahi kuuliza kama ni utafiti. Mzee Suuza akamjibu ndiyo. Ukutani kuna kalenda iliyokwisha zamani, kwa sababu mwaka fulani ujao siku zake zitaangukia sawasawa na za kalenda hiyo, na yeye yuko tayari kungoja. Penseli yake imefungwa kwenye kipande cha bomba jembamba ili ishikike, maana imebaki urefu wa jino. Bahasha anazigeuza ndani nje. Mkewe, mama mstahimilivu ambaye nampenda kwa dhati, aliwahi kuniambia kwamba walipooana mumewe alimwomba fundi wa nguo amchukue yeye mke vipimo mara moja tu, vitumike maisha. "Mwenzangu," akaniambia, "sasa hivi nanenepa kwa siri."

Nampa haki yake mahali anapostahili. Pampu anaijua kwa sikio. Anaweza kupita ukumbini akila mkate, akasimama, akasema beringi ya namba tatu inalia, na kweli utakuta inalia. Mwaka ambao mota iliungua na kipuri kikachelewa, alichonga mapanga ya pampu kutoka kwenye mfuniko wa pipa, na samaki hawakufa. Basi, hayo ndiyo mazuri yake, na nimeyaweka hapa mapema ili nisije nikayasahau mbele huko nitakapopandwa na hasira.

Sasa, punje. Kwa wageni wetu ambao kazi yao si samaki, nieleze kwa ufupi. Samaki anakula, anachafua, na chakula kingine kinaanguka chini kinaoza. Kutokana na uchafu huo maji hupata fosfeti. Fosfeti ni mbolea. Mwani wa kijani, ule wa nyuzinyuzi kama nywele zilizoziba bomba la bafuni, huipenda sana, hustawi, ukayafunika matumbawe mpaka yakakosa mwanga. Ndiyo maana ndani ya mtungi wa chujio huwa tunaweka punje nyeupe, ndogo kama mtama, zinazonyonya fosfeti. Maji yanapita kati ya punje, fosfeti inabaki humo. Baada ya muda punje zinashiba, hazinyonyi tena. Mahali pengi zikishiba hutupwa na kununuliwa nyingine.

Neno "hutupwa" lilimchoma Mzee Suuza kama mwiba wa samaki kooni. Akatafuta, akauliza, akajua kwamba punje zilizoshiba ukiziloweka kwenye kostiki soda, ile ile inayotengenezewa sabuni, zinaitema fosfeti yote. Ukizisuuza, zinakuwa na njaa upya. Mbinu hii si yake, iko duniani kote, lakini yeye aliizungumzia kama aliyeizaa. Wageni wa heshima waliletwa chumba cha pampu kuoneshwa pipa la buluu la kulowekea. Alikuwa akisimama kando ya pipa hilo, glovu nene zimempanda hadi kiwikoni, akihutubia. Glovu zenyewe zilikuwa na viraka vya tyubu ya baiskeli, na viraka vya tyubu vilikuwa na viraka.

Jina la Suuza lilitoka hapo.

Mbinu ina ngazi zake. Kwanza unaloweka kwenye kostiki. Kisha unasuuza kwa maji mengi. Halafu unazilaza punje kwenye maji yaliyotiwa siki, kuua ukali wa kostiki uliobaki, na mwisho unachovya karatasi ya kupimia ili ujue ukali umekwisha. Ni kazi ya mtu mvumilivu mwenye maji ya kutosha. Mzee Suuza ni mvumilivu, lakini maji yakimwagika ovyo moyo wake unamwagika pamoja nayo. Taratibu akaanza kupunguza ngazi. Karatasi za kupimia aliziona ufahari. Siki akaiona ni kitu cha jikoni. Ikabaki kostiki na suuzo, na suuzo nalo likapata sheria yake, aliyoiandika kwa chaki juu ya sinki: YAKITAKATA YAMETOSHA.

Wakati huo mimi nilikuwa mtunza matumbawe. Vijana walioajiriwa karibuni hawajui, wanadhani nilizaliwa ndani ya dirisha la tiketi. Tangi kubwa lilikuwa na matumbawe hai ya rangi ya chungwa, ya zambarau, na moja la kijani lililokuwa likifunguka asubuhi polepole kama mtu asiyetaka kwenda kazini. Mengi niliyaotesha mwenyewe kutoka vipande vidogo kama ncha ya kidole, nikivigandisha kwenye mawe kimoja kimoja. Watu walikuwa wakisimama mbele ya kioo wakisahau watoto wao.

Basi asubuhi moja Mzee Suuza alikuwa ametoa punje kwenye pipa la buluu, ndoo nzima, maana mwani ulikuwa umeanza kumshinda na alitaka kuukomesha kwa mpigo mmoja. Akanipa suuzo la mwisho. Mimi sikuwa na glovu. Jumba lilikuwa na jozi moja, ile ya viraka, na ilikuwa na mwenyewe. Nikatia mkono kwenye ndoo. Maji yalikuwa yanang'aa, unaona hadi chini. Lakini nikisugua kidole na kidole, vinateleza.

"Mzee," nikamwambia, "maji haya yanateleza."

"Yametakata?"

"Yametakata, lakini yanateleza."

Akaja, akainama, akaangalia. Akaangalia tu, kwa macho. "Yakitakata yametosha. Maji ya bomba hayanyeshi, Mama."

Akaibeba ndoo mwenyewe, akazimimina punje zote kwenye mtungi wa chujio, akafungua bomba. Nilikuwa na haki ya kumzuia? Yeye alikuwa mkuu wa chumba, mimi nilikuwa mtunza matumbawe. Nilisema mara mbili. Mara ya tatu aliniambia niache kelele, wageni wanasikia.

Kabla ya chakula cha mchana maji ya tangi yalianza kufifia. Yakawa kama maziwa yaliyotiwa maji. Vitu vyeupe kama vumbi la chokaa vikaanza kutulia juu ya mawe. Chombo chetu cha kutoa uchafu kwa povu kikapandwa na wazimu, povu likafurika, likashuka ukutani, likatambaa sakafuni mpaka kwenye viatu vya darasa zima la wanafunzi waliokuwa wakishangilia wakidhani ni sehemu ya maonesho. Matumbawe yalijifunga yote. Yakatoa ute. Siku zilizofuata ngozi yake ilibanduka vipande vipande, yakabaki mifupa myeupe. Lile la kijani lilikuwa la mwisho kufa. Nililia, na sioni aibu kusema nililia, mbele ya kioo, saa za kazi.

Meneja akaitisha kikao ofisini kwake, kule kwenye zulia. Mzee Suuza aliulizwa. Nanukuu maneno yake bila kuyatia chumvi, kwa sababu nimekuwa nikiyasikia kichwani kila siku tangu hapo. "Mimi sijui, meneja. Lakini huyu mwenyewe aliniambia maji ya ndoo yanateleza. Sasa niulize: ni kitu gani kinachoteleza na kutoa povu?"

"Sabuni," akajibu meneja, haraka, kama mwanafunzi aliyebahatika kupata swali rahisi.

Ikawa sabuni. Mtunza matumbawe ameosha ndoo kwa sabuni, hakusuuza vizuri, ameua tangi. Nikasema ni kostiki. Mzee Suuza akacheka kwa huruma. Akasema anasuuza miaka yote, mikono yake inaingia kwenye ndoo hizo kila wiki, na haijawahi kuhisi utelezi hata siku moja. Na hilo, ndugu wasomaji, lilikuwa kweli tupu. Mikono yake haikuwahi kuhisi utelezi. Ilikuwa ndani ya tyubu ya baiskeli.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hakuwa akisema uongo. Mwongo njia yake fupi, unamngoja mwisho wa njia unamkamata. Mtu aliyeridhika na nafsi yake utamngoja mpaka uote mvi. Yeye aliamini ile sabuni kwa moyo wake wote, akanionea na huruma, na akawa anawaasa wengine wasiniseme vibaya kwa sababu binadamu hukosea.

Nikahamishiwa dirisha la tiketi, nikaitwa Mama Sabuni. Lisemwalo lipo, walisema walinzi, na kila tukipeana zawadi za mwisho wa mwaka mimi nilifungua kifurushi nikakuta kipande cha sabuni, na watu wakacheka, nami nikacheka, kwa sababu usipocheka wanasema una moyo mgumu. Nimeoga kwa sabuni za dhihaka miaka kumi na moja. Kila asubuhi Mzee Suuza alipita mbele ya dirisha langu. "Shikamoo, mzee," nilimwamkia kupitia kitobo cha kioo, kwa kuwa mama yangu alinilea. "Marahaba, Mama. Leo watu wengi?" Kisha anakwenda kwenye tangi langu.

Mnataka kujua tangi lilifanywaje? Uongozi uliona matumbawe hai ni ghali na yana kisirani. Wakaagiza matumbawe ya saruji, yakapakwa rangi ya ukutani. Ndiyo hayo mnayoyaona leo. Mtoto mmoja aliniuliza dirishani kwa nini matumbawe yetu yana alama za brashi. Nikampa tiketi. Mzee Suuza aliyapenda mno. Saruji haifi, hailalamiki, na unaweza kuitilia punje konzi kwa konzi, zimesuuzwa zisisuuzwe, isikwambie kitu. Miaka yote hiyo aliendelea kuloweka, kusuuza, kuloweka, mpaka punje zikasagika zikawa kama unga, hazinyonyi lolote, na mwani ukaota juu ya saruji. Akasema unaleta uhalisia.

Hayo yangeendelea hadi leo, na mimi ningekuwa nimemwandikia sifa fupi za kawaida, nusu ukurasa, kama isingekuwa ubahili wake.

Uongozi ulipoamua kurudisha matumbawe hai, Mzee Suuza aliagizwa aandae punje mpya na amfundishe fundi wa pampu mbinu yake kabla hajaondoka, kwa matarajio kwamba fundi ndiye angekabidhiwa ufunguo. Fundi ni kijana mzuri, ila tumbawe na koliflawa hawezi kuvitenganisha. Siku ya mafunzo, ile glovu ya kulia ikasalimu amri. Haikutoboka, ilimomonyoka, kiraka kikamfuata kiraka, ikabaki pete ya mpira kiwikoni. Fundi akamwambia achukue jozi mpya stoo.

"Glovu mpya ya nini?" Mzee Suuza akamjibu. "Siku zangu zimebaki za kuhesabu. Nani atakuja kuzivaa?"

Punje akazitoa kwenye kostiki kwa koleo, kwa uangalifu, maana mjinga si mjinga wa kila kitu. Akasuuza. Maji yakatakata. Akamwonesha fundi maandishi ya chaki, akamwambia sheria ni hiyo, kisha akatia mkono mtupu kwenye ndoo kuchota punje. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, ngozi yake ikakutana na suuzo lake.

Fundi alikuja kunisimulia mbio, anahema. "Mama, leo nimeona kioja. Mzee katoa mkono, kauangalia, karudisha. Akaniuliza, wewe, nani katia sabuni humu? Nikamwambia, mzee, ndoo si umeosha mwenyewe? Akamwaga yote! Yaani kamwaga maji, yule! Akachukua ndoo nyingine, akasuuza upya, yakatakata. Akatia mkono. Mpaka sasa amekaa juu ya pipa, anasugua vidole tu."

Nilikata tiketi za familia iliyokuwa mbele yangu, nikawarudishia chenji, nikawatakia matembezi mema. Nilipoinua macho, Mzee Suuza alikuwa kwenye foleni. Hakuja kwa mlango wa nyuma wa wafanyakazi, alipanga foleni, nyuma ya baba aliyebeba mapacha. Zamu yake ilipofika akasimama mbele ya kitobo cha kioo, mkono umelowa.

"Mama," akasema.

"Watu wazima wangapi?"

"Yanateleza."

"Nauliza watu wazima wangapi, mzee."

"Maji, Mama. Yametakata, na yanateleza."

Nikamwambia asogee pembeni, kuna watu nyuma yake. Akasogea. Akasimama pembeni, karibu na pipa la taka, mpaka nilipofunga dirisha kwa mapumziko. Najua wengine mngependa kusikia kwamba nilitoka nikamkumbatia. Nilikula mkate wangu kwanza. Kisha nikatoka, nikamwambia kitu kimoja: palipofanyika ndipo pafanyikie. Neno lilisemwa kwenye zulia la meneja, likaondolewe kwenye zulia la meneja.

Nilidhani atatafuta njia ya kupunguza gharama. Angeweza kumnong'oneza meneja kwenye ngazi. Angeweza kungoja hafla, akatupia kasentensi kamoja kati ya shukrani na keki. Badala yake siku ya pili tuliitwa ofisini, mimi na fundi, na tulipofika Mzee Suuza alikuwa ameshaingia na ndoo. Ameiweka katikati ya zulia. Maji yake yamejaa hadi ukingoni, yanang'aa.

"Meneja, naomba uchovye kidole."

Meneja alimwangalia, akaniangalia, akakunja mkono wa shati lake. Akachovya. Akasugua kidole gumba na cha shahada. Uso wake ukabadilika.

"Mbona yanateleza? Nani ametia sabuni?"

Nakiri kwamba hapo nilitamani kucheka. Miaka kumi na moja, na kichwa kile hakijaongeza jibu hata moja.

"Hakuna sabuni," Mzee Suuza akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, yeye aliyezoea kuhutubia wageni wa heshima. "Ndoo nimeiosha mimi, kwa maji. Kilichomo ni kostiki, na aliyeiacha ni mimi. Hata ile siku, meneja. Huyu mama aliniambia, nikakataa kutia mkono. Matumbawe yale niliyaua mimi."

Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimeandaa maneno ya siku hiyo. Nilikuwa nayo marefu na mafupi, ya heshima na ya matusi, nimeyanoa kila asubuhi nikikata tiketi. Hayakuja hata moja. Yaliyokuja ni machozi, kwa mara ya pili kazini. Nilipopata sauti nikawaambia wote wawili waende wakanawe, na watie siki kidogo, kostiki isije ikawachubua. Wakaenda, mkuu wa chumba cha pampu na meneja, wameongozana kwenye sinki kama watoto waliotoka kuchezea matope. Sinki lenyewe ni lile lenye maandishi ya chaki. Meneja ndiye aliyeyafuta, kwa kiganja.

Je, nimemsamehe? Tangu jana nimeulizwa hivyo na watu wasiopungua nusu ya jumba, wengi wao wakiwa walewale wa vipande vya sabuni. Nimemsamehe Mzee Suuza nusu. Nusu nyingine ni ya lile tumbawe la kijani, na hilo haliwezi kunipa ruhusa. Maji yaliyomwagika hayazoleki, hata na yeye anayezoa kila kitu. Ninyi wa sabuni bado sijawafikiria.

Ufunguo wa chumba cha pampu, ambao meneja alinikabidhi baada ya kunawa, sasa uko mfukoni mwangu ninapoandika haya. Ni ufunguo mdogo, una kutu, na umefungwa kwa uzi uliotoka kwenye kifuko cha majani ya chai. Jumatatu vipande hai vya kwanza vinaingia. Saruji inatoka, mwenye bustani anayeitaka aje na mkokoteni. Na punje, kwa kuwa najua mtaniuliza, sitazitupa. Zikishiba nitaziloweka, nitazisuuza, nitazilaza kwenye siki, nitazipima kwa karatasi, nitazitumia tena mpaka zitakapoanza kusagika. Mbinu haikuwa na kosa. Kwenye kostiki nitavaa glovu, na kwenye suuzo la mwisho nitavua.

Rasimu ya wasifu huu nilimpa mwenyewe aisome kabla haijachapwa. Nilitegemea akate nusu yake. Aliisoma akiwa amekaa juu ya pipa la buluu, akageuza karatasi, akaangalia kama upande wa pili una nafasi ya kuandika, kisha akanirudishia. Amebadilisha neno moja tu. Nilipoandika "bahili" yeye ameandika "mwangalifu". Nimelirudisha.

Mzee Suuza, wafanyakazi wenzako tunakushukuru kwa pampu uliyoisikia kabla haijalia, kwa mapanga ya mfuniko wa pipa, na kwa ndoo uliyoibeba hadi kwenye zulia ilhali ungeweza kuimwaga. Tunamshukuru mkeo, na tunamwomba akupeleke kwa fundi wa nguo akapimwe upya, hadharani. Zawadi yetu ni jozi ya glovu mpya za bustani. Tumeondoa risiti kwenye kifuko ili usiende kuzirudisha dukani.

Tunakutakia maisha mema, yenye chai iliyokolea na afya ya kuifurahia. Ukikumbuka tangi, njoo ulitazame. Nitakuwa upande wa pili wa kioo, mikono imelowa. Lakini pitia dirishani kama watu wote, na ujue kabisa kwamba tiketi yetu, mzee wangu, haitumiki mara mbili.